Mguu wa Mjomba Mbele ya Kamera

Walisema sitaweza. Walisema nitarudi kutoka Ujerumani na koti refu na lafudhi, basi. Nilipotangaza kwamba nitafungua chumba mtaani Bondeni, Nakuru, nitazame damu ya watu kwa mwanga tu, bila sindano wala kisu, kinyozi wa mlango wa pili alicheka mpaka akamwacha mteja na nusu kichwa. Mjomba wangu wa Mau Narok hakucheka. Aliuza mtamba mmoja, akanikopesha pesa, akasema kama lazima nishindwe, nishindwe nikiwa na vifaa kamili.

Leo diploma yangu iko ukutani, na chini yake iko kamera. Mwanzoni watu walikuja wamechana nywele, wakidhani ni ya pasipoti. Nikawaeleza, na ninaeleza vizuri kuliko mtu yeyote Nakuru: mwanga usioonekana kwa macho huingia chini ya ngozi, kisha hurudi na habari. Panapopata damu safi, skrini huonyesha pekundu. Panaponyimwa, peusi. Mwenye sukari ambaye mguu wake umeacha kuhisi anaweza kuokolewa na picha hiyo kabla ya kidonda kutokea, kabla ya mtu kutaja msumeno.

Mjomba ana sukari, na hushinda kwenye shamba la viazi akiwa ndani ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Siku moja shangazi, mkewe, alimleta kwa nguvu. Nikapiga picha. Mguu mzima ukatoka mwekundu.

"Umeona?" mjomba alimwambia mkewe, tayari anatafuta soksi. "Mguu wa kijana. Kesho narudi shambani, na hii maneno ya kukatwa iishe."

Mtu mwingine angemruhusu aende. Mimi nilitazama tena. Kisigino kilikuwa kimenasa uzi wa soksi, na uzi nao ulikuwa mwekundu. Uzi hauna damu, hata Ujerumani.

"Anko, umepaka nini?"

"Mafuta ya kukamulia," shangazi alijibu kwa fahari. Ni yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe. Kule juu Mau Narok, baridi ikipasua visigino, watu huyapaka pia. "Mtu hapelekwi kwa daktari na miguu imepauka. Watu watasema nini?"

Alikuwa amepaka kwa mapenzi. Mguu uling'aa kama sufuria mpya, na mwanga wangu ulikuwa unagonga mafuta na kurudi bila kuingia ndani, kamera ikidhani ni damu.

"Itabidi aoshwe."

"Unasema mume wangu hajaoga?"

"Ameoga, shangazi. Ni haya mafuta."

"Huko ulifundishwa kutukana wakubwa?"

"Huko nilipata diploma."

Kinyozi alituazima beseni na maji moto. Shangazi alisugua mwenyewe, kwa hasira yote aliyokuwa nayo, mjomba akilalamika kwamba hata ng'ombe haoshwi hivyo. Nikapiga picha nyingine. Safari hii kisigino kilikuwa na doa jeusi, kubwa kama kizibo cha soda. Juu ya ngozi hapakuwa na kitu. Nikapabonyeza kwa kidole.

"Unasikia?"

"Nakusikia ukiongea."

Shangazi aliacha kukunja taulo.

Siku hiyohiyo niliwapeleka hospitali na picha mkononi. Daktari alisema gambuti ilikuwa inabana kisigino, nyama ya ndani inakosa damu, na kwamba tumewahi. Mjomba alitibiwa, akapigwa marufuku gambuti, akashinda nyumbani msimu mzima wa kupanda akiwagombeza vibarua kwa simu. Kila aliporudi kwangu, shangazi alibeba kopo la mafuta kwenye mkoba na kungoja nimalize kabla ya kumpaka. Doa lilififia picha baada ya picha, mpaka skrini ikawa nyekundu kwa haki.

Wateja waliongezeka, nikawalipa wengine walionikopesha mmoja baada ya mwingine. Akabaki mjomba, ambaye alikataa pesa taslimu. "Pesa hazikamuliwi," alisema.

Nikamnunulia mtamba, mzuri kuliko yule wake, na nikampandisha Mau Narok kwa pikapu. Mjomba alishuka mteremko kwa miguu yake yote miwili, amevaa viatu vipana vya wazi, akamzunguka, akainamia kwato moja moja.

"Huyu umempiga picha?"

"Hahitaji, anko. Yuko sawa."

"Basi hatuna deni," alisema. Akashika kamba na kumpeleka zizini mwenyewe, akipanda mlima haraka kiasi kwamba mimi, na diploma yangu, tulibaki nyuma tukihema.