Prosesa Kutoka Nakonde

Nilipoolewa niliambiwa nitazoea. Ukoo wa mume wangu unatoka Mbebe, milimani Ileje, na kwao mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hasemi naye. Mzee akija, nakaa jikoni. Nikiwa na neno, mume wangu analipeleka sebuleni, kisha ananiletea jibu. Kweli, nilizoea. Ila siku waliyoigusa kompyuta yangu nilipandwa na hasira ambazo hadi leo hazijashuka.

Narudia: kompyuta yangu. Iko chumba cha mbele, nyumbani kwetu Chapwa, na ndiyo steshenari yenyewe. Nachapa mitihani ya shule za jirani na ratiba za misiba, wanangu wanakula. Ni kuukuu. Ukiiwasha, unasonga ugali na kuupakua ndipo inafunguka. Nilijiuliza sana kama niibadilishe prosesa au niiache. Nikaifungua mwenyewe, nikauliza mafundi, nikaamua: prosesa bado inatosha, kinachoichelewesha ni diski. Nitabadilisha diski, basi. Nilimweleza mume wangu, akaitikia, "Sawa, mama."

Kumbe alishapeleka Mbebe habari nyingine, kwamba nataka prosesa. Jumamosi moja baba mkwe akaja na prosesa, iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na mdogo wake mume wangu anayefanya biashara huko, nao wakaja pamoja. Mzee aliuza kahawa yake ili mkamwana apate mashine yenye nguvu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Wema wote ule, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza!

Mume wangu aliniletea jikoni niione. Nikaigeuza. Ilikuwa na miguu, pini ndogo zimejaa chini. Yangu ni bapa. Pini zake ziko kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta. Ukiilazimisha hii pale, unazivunja, na ubao ukifa mashine imekufa.

"Mwambie haiingii," nikasema. "Waiache kabisa. Itaua mazabodi."

Akaenda. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Baba, anashukuru sana. Amefurahi."

Nilimwita. Akaja akichekacheka. "Mzee katoka mbali, nitamwambiaje?"

"Mwambie nilivyosema!"

Akarudi sebuleni. "Baba, anasema Mungu awabariki."

Kumbe miaka yote nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikidhani nina mume mpole. Mara shemeji akapaza sauti kutoka chumba cha mbele, kwa utani wake wa siku zote: "Mulamu, leo hii chuma yako itapaa!" Nikasikia skrubu zikidondoka kwenye sahani. Walikuwa wameshaifungua.

Nikajifunika kitenge mpaka usoni, nikatoka hadi chumba cha mbele, walikokuwa wote watatu. Nilisimama nikiwapa mgongo, nikiutazama ukuta.

"Shikamoo, baba. Msiiguse. Hiyo haiingii, mtaiua. Nilisema tangu mwanzo."

Bisibisi ilinyamaza. Nikasikia kiti kikigeuzwa. Mzee naye alikuwa ananipa mgongo. Akamwambia mume wangu, "Mwambie marahaba. Mwambie nimesikia, haitafungwa." Akakohoa. "Kumbe alikataa?"

Mume wangu akainamia sahani ya skrubu.

"Na mama yako alipougua, tukaomba aje akae hapa karibu na hospitali, ukasema mkamwana hataki. Hilo nalo alilisema yeye?"

Sikuwahi kuulizwa. Niliambiwa mama mkwe amechagua mwenyewe kwenda Ikinga kwa binti yake, nami nilikuwa nimeshamtandikia kitanda. Nilipomfuata Ikinga kumjulia hali, wiki chache kabla hatujamzika, aligeukia ukutani na hakunisemesha mpaka nikaondoka. Nilidhani ni maumivu.