Goti Chini ya Gunia

Kisasi cha Kokuhirwa wa Kaagya kilikuwa na umri wa miaka tisa, na alikilea kuliko alivyoilea migomba yake.

Kilizaliwa mwaka aliofiwa na mumewe. Alimpelekea Rutashobya, mnunuzi wa kahawa, gunia alilolibeba kichwani tangu alfajiri. Rutashobya akalitundika kwenye mizani, akalisogelea mpaka kanzu yake ikaligusa, na gunia likawa jepesi ghafla. Kokuhirwa alipolalamika, jamaa aliimwaga kahawa yote matopeni. "Mjane atanifundisha kupima?" Kokuhirwa akaiokota punje kwa punje, watu wakimcheka.

Kikaja chama cha ushirika. Mwalimu Ildefons akawakusanya wakulima, akawaeleza mambo ya dunia: kuna ubepari, mwenye mali ndiye bwana, na kule Urusi kuna ukomunisti, mali ni ya wote, bwana hakuna. Ushirika wao, alisema, utachukua mema ya pande zote mbili.

"Na mizani, Mwalimu," Kokuhirwa akauliza, "huko Urusi anaishika nani?"

Mwalimu akakohoa. Wanachama ndio waliojibu: wakamchagua Rutashobya apime, eti ndiye mzoefu. Fisi kakabidhiwa bucha!

Msimu ulipofunguliwa, Kokuhirwa akapanga foleni na gunia lake. Kanzu ikasogea kama zamani. Safari hii hakulalamika. Aliinama, akaishika kanzu kwenye pindo, akaipandisha hadi kiunoni. Goti la Rutashobya likaonekana na watu wote, limelibeba gunia kwa chini. Kaptura yake ilikuwa na viraka, navyo vikachekwa. Utamu ulioje!

Wakamfukuza kazi papo hapo, wakampa Kokuhirwa mizani. "Sasa ni yetu sote," Mwalimu akasema kwa furaha.

Wiki iliyofuata Rutashobya akaleta kahawa ya shamba lake, kofia mkononi. "Ma Kokuhirwa, waitu, tafadhali nipimie."

"Karibu, Ta Rutashobya," akamjibu kwa heshima ile ile apewayo baba mtu mzima.

Akalitundika gunia. Gauni lake lilikuwa refu, lafagia chini. Akasogea taratibu, akainua goti.

Rutashobya aliiona nguo ikitikisika. Akafumbua kinywa, akageuka, akawaona wanachama wale wale waliomcheka. Akakifumba.

"Jepesi, Ta," Kokuhirwa akasema, na moyo wake ukaburudika.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Klaudia, jirani yake. Siku ile ya matope, Klaudia naye alicheka. Kokuhirwa hakulishusha goti.