Karavani Mbele ya Dirisha la Verlyn

Watu wakituuliza kwa nini tulinunua karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, mke wangu Marlys hujibu, "Kwa ajili ya hewa safi." Uongo. Tuliinunua ili kumkomoa kaka yake, na tangu nianze biashara ya matrekta makuukuu sijapata kununua kitu kikafanya kazi yake vizuri namna ile.

Baba yake, mzee Tollefson, alikuwa na nyumba ndogo ya mbao ziwani, huku kaskazini mwa Minnesota. Marlys alimuuguza miaka tisa: kumwogesha, kumkata kucha, kumsomea bei za mahindi. Kila mwezi wa tano, barafu ikishayeyuka, alivaa buti za mpira akaingia majini kupanga upya gati la mbao, maana hutolewa kila majira ya baridi. Kaka yake Verlyn alifika mwezi wa saba, gati limeshasimama, na mkewe Charlene kabeba kiti cha kuotea jua.

Siku ya mazishi tulikaa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, tunakula mikate ya nyama. Mzee hakuacha wosia. Alisema tu watoto wapatane. Verlyn akasimama mbele ya ndugu wote, kikombe cha kahawa mkononi.

"Dada, ile nyumba ya ziwani ichukue wewe."

"Aa, hapana, kaka. Wewe ndiye mkubwa."

"Chukua bwana, umehangaika sana na mzee."

"Hapana, hapana, si lazima."

Kwetu mtu hapokei kitu mara ya kwanza, hata kiwe kipande cha keki. Unakataa mara mbili, ya tatu unasema, "Haya, kidogo tu." Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Marlys alikuwa anangoja ya tatu. Verlyn akapiga funda la kahawa, akawageukia watu: "Mmesikia wenyewe. Nimempa, kakataa."

Mke wangu hakulia. Aliokota makombo ya mkate mezani, moja moja, akayatia kwenye sahani.

Kwa wakili, Verlyn akamwachia kipande cha nyasi kilicho kati ya nyumba na maji. Wilaya hairuhusu kujenga pale hata banda la kuku. "Utaweka kiti, dada," akacheka. "Kimoja."

Garini nikamwambia Marlys, "Wamekataza kujenga. Sijasikia wamekataza kuegesha." Kesho yake nikaenda ofisi ya wilaya kuhakikisha: kitu chenye magurudumu na namba ya barabarani, ruksa majira yote ya joto.

"Karavani zinafika urefu gani?" Marlys akauliza.

Tuliipata kwa mwoka mikate mmoja mstaafu. Naye akaanza kuisifu: "Mama, tazama dirisha hili!"

"Dirisha silihitaji. Nahitaji urefu."

Mimi nikabonyeza sakafu kwa kisigino karibu na mlango. Ikabonyea. Nikabonyeza tena, polepole, ili naye asikie. "Mzee mwenzangu, hapa mvua imelala misimu mingapi?" Bei ikashuka robo. Ilikuwa ya kahawia yenye mstari wa rangi ya chungwa, mbaya kama chura aliyekanyagwa. Nilipotaka kuomba punguzo kwa ajili ya rangi, Marlys akanifinya. "Rangi hiyo ndiyo ninayoitaka."

Tuliifikisha ziwani siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru ya mwezi wa saba, Verlyn ana wageni kumi na wawili. Nikairudisha nyuma taratibu mpaka ikaziba ziwa mbele ya baraza lao. Charlene akashuka mbio.

"Jamani wifi, mtaiacha hapo hapo?"

"La, wifi. Tutaisogeza kushoto kidogo. Naona bado mnapata kona ya ziwa."

Wageni wakala sikukuu wakitazama ukuta wa kahawia, na juu ya kamba suruali zangu za ndani zinapunga upepo. Wiki iliyofuata hakuja mgeni. Iliyofuata pia.

Mwezi wa nane Verlyn akashuka, kofia mkononi. Marlys alikuwa anakaanga samaki chini ya turubai la kivuli.

"Dada, tuyamalize. Ondoa hili dude, tugawane nyumba nusu kwa nusu."

Moyo wangu wa biashara ukaruka. Nusu ya nyumba kwa karavani iliyooza sakafu!

"Aa, hapana, kaka," akasema Marlys.

"Chukua, dada. Ni haki yako."

"Hapana, hapana, si lazima."

Hapo Verlyn akatabasamu, mara ya kwanza kiangazi kizima. Alijua hesabu ya kwetu. Akatoa ufunguo mfukoni, akaunyoosha juu ya kikaango. "Basi nakwambia tena, dada yangu. Nusu ni yako."

Marlys akageuza samaki. "Ya tatu ulikuwa nayo kule kanisani, kaka. Ukainywa na kahawa."

Verlyn akapanda kilima na ufunguo wake.

"Unajua umekataa nini?" nikamuuliza.

"Najua. Lete sahani."

Tukala tukiwa tumeelekea ziwa. Wao, kule juu, walikuwa wameelekea ukuta.