Aliyefagia Majani ya Mtaa Mzima

Yule mama wa Kirundi aliyekuwa akifagia barabara yetu amefariki dunia. Habari nililetewa na jirani yake, mzee wa Kizungu anayeishi peke yake, ambaye alikuja mlangoni kwangu asubuhi, akavua kofia, akasema maneno machache ya Kiingereza. Sikuyaelewa yote, lakini mzee anayevua kofia katika baridi ile hahitaji mkalimani. Wasomaji wa safu hii mnafahamu kwamba simsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Marehemu nilimjua kwa miaka mingi, tangu sote wawili tulipopata nyumba huku ughaibuni, Mount Druitt, na siwezi kusema kwamba tulikuwa marafiki. Kanisani aliketi mbele yangu na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wimbo ulivyohitaji. Maharage yake aliyatia chumvi kidogo mno, nami nilimwambia hivyo, naye akaendelea kuyapika vilevile. Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeandika haya ninayoyasema kwa kuwa mimi sikupelekwa shule, ameniuliza kama kweli tutaje chumvi ya mtu ambaye hana hata wiki kaburini. Nimemwambia aandike.

Kwa wale wasioijua barabara yetu, imepandwa pande zote mbili miti ambayo, joto linapokwisha, majani yake hugeuka manjano, kisha mekundu kama pilipili iliyoiva, kisha hupukutika yote. Wenyeji huyafurahia sana majira haya. Nimewaona watu wazima, wenye kazi zao, wakisimamisha gari ili kulipiga picha jani. Sisi tuliotoka Kigoma, na wao waliotoka Burundi wakapitia kambi za kwetu, tulilelewa kwa namna nyingine. Kwetu, uwanja ukikutwa na majani asubuhi, mpita njia hujua kwamba nyumba ile haina mwanamke, au ina mgonjwa. Marehemu hakutaka kudhaniwa lolote kati ya hayo mawili. Alinunua fagio la chelewa katika duka la Wasamoa, na kabla basi la kwanza halijapita alikuwa ameinama nje, akifagia uwanja wake, kisha njia ya watembea kwa miguu, kisha, kwa kuwa fagio lilikuwa tayari mkononi, uwanja wa yule mzee jirani yake.

Mzee yule alikuwa na tuta la stroberi. Kila mwaka, kabla ya baridi kuingia, alikusanya majani makavu na kuyatandaza juu ya tuta ili mizizi isipigwe na baridi. Marehemu aliyaona majani yale, akamhurumia mwanamume anayeishi peke yake, akayafagia yote, akayatia katika pipa la kijani, lile la taka za bustani. Mzee akayatandaza mengine. Akayafagia na hayo. Jambo hili liliendelea kwa siku kadhaa, kila mmoja akidhani kwamba upepo wa nchi hii una tabia ya ajabu, mpaka walipokutana pale tutani alfajiri moja, mmoja akiwa ameshika fagio na mwenzake reki. Mzee alieleza kwa Kiingereza. Marehemu alieleza kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Walisikilizana kwa adabu mpaka mwisho, na kesho yake mzee alizungushia tuta lake kamba. Marehemu aliniambia kwamba amefurahi kuona mzee naye ameanza kujali uwanja wake.

Lakini sikukusudia kuzungumzia stroberi. Nilikusudia kuzungumzia mtoto. Marehemu alikuwa na mjukuu wa kike ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne. Mama yake mtoto alifanya kazi ya kupakia bidhaa katika ghala moja la Wetherill Park, shifti ya asubuhi, hivyo mtoto aliletwa kwa bibi yake akiwa bado ana usingizi na kuchukuliwa mchana. Ndivyo tunavyoishi wengi huku: vijana huenda ghalani au katika nyumba za kutunzia wazee wa watu wengine, na wazee wao hubaki na watoto. Mtoto yule alikuwa wa watoto wa siku hizi. Bibi alisema naye kwa Kiswahili, yeye alisikia kila neno, na alijibu kwa Kiingereza. Bibi naye hakusikia Kiingereza. Hata hivyo walishinda pamoja kutwa nzima na hakuna aliyelalamika. Marehemu hakuwa na mwingine. Mume wake alimzika kambini, wanawe wengine walitawanyika, na siku yake nzima ilikuwa ni mtoto yule: kumlisha, kumwogesha, kwenda naye dukani na kurudi naye.

Katika kwenda na kurudi huko, mtoto aliokota majani. Hakuokota ovyo. Alisimama, akatazama, akainua moja na kuyaacha mengine, na kila alilolileta nyumbani alilipanga kwenye ngazi ya mlangoni, kuanzia la kijani, kupitia ya manjano, hadi jekundu kabisa lililokaribia weusi. Kazi hiyo ilimchukua wiki nzima. Ilipokamilika, alilala. Alfajiri bibi yake alitoka na fagio, akaona majani mlangoni kwake, mahali pabaya kuliko pote ambapo jani linaweza kuonekana, akafanya ambalo mimi, na mama yangu, na kila mwanamke aliyenilea tungalifanya.

Mtoto hakulia. Laiti angalilia, mambo yangalikwisha. Alivaa viatu vyake mwenyewe, kulia kikiwa kushoto, akaenda kuketi langoni kumngoja mama yake, na tangu siku hiyo kila alipoletwa aliketi palepale. Hakuingia jikoni. Chakula aliletewa langoni na kilirudi kama kilivyokwenda. Mama mtu alivumilia siku chache, kisha akasema kwamba hawezi kutoka ghalani na kumkuta mwanawe ana njaa barabarani, katika nchi ambayo majirani hupigia polisi simu kwa jambo dogo kuliko hilo. Kwamba Jumatatu atampeleka katika kituo cha kulelea watoto, ambako kuna vitu vya kuchezea na watu waliosomea kazi hiyo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

Siku hiyo marehemu alikuja kwenye uzio wangu. Hakuwa amewahi kuniomba kitu kabla ya hapo.

"Mwenzangu, mtoto amenisusa," alisema.

"Umemfanya nini?"

"Nimefagia majani yake."

"Majani nayo yana mwenyewe?"

"Hata mimi nilisema hivyo," alijibu. "Lakini aliyenisusa ni yeye, si wewe."

Nilimpa ushauri ambao ningempa yeyote: mtoto anayesusa huona njaa, na akiona njaa hula, asimbembeleze, asije akamharibu. Alinisikiliza, akanishukuru, akaenda zake, na ushauri wangu hakuufuata hata kidogo. Nilipochungulia baadaye, nilimwona mwanamke msafi kuliko wote katika barabara yetu amelilaza pipa la kijani chini, katikati ya uwanja alioufagia mwenyewe, na kichwa chake kimo ndani ya pipa. Lori la manispaa lilikuwa lipite kesho yake. Alikuwa akitoa jani moja moja, akilifuta kwa kanga, akiliweka pembeni, kwa kuwa humo ndani mlikuwa na majani ya barabara nzima na ya mtoto yalikuwa machache. Atayatambuaje, sikujua. Mzee wa stroberi naye alitoka, akamtazama kwa muda, akarudi ndani, akaja na glovu za bustani akampa. Nadhani tangu kisa cha tuta alikuwa ameacha kutafuta sababu.

Kilichofuata nilisimuliwa naye, na sina haja ya kukitilia shaka, kwa maana hakuwa na kipaji cha kutunga. Majani aliyoyapata aliyaosha. Aliyaosha kwa maji mara kadhaa kama mboga, akayakung'uta, akayatandaza juu ya ungo jikoni yakauke. Ijumaa mtoto alipoletwa, bibi hakumwita. Aliuacha mlango wazi, akaketi chini na mafungu ya majani ya maboga aliyoyachuma kwenye uzio wake, ya mwisho ya mwaka ule, kwa maana baridi ikishaingia mmea ule hufa. Akaanza kuyaondoa nyuzi. Kutoka langoni mtoto aliuona ungo. Alikuja hadi mlangoni, akasimama, akasema jambo kwa Kiingereza. Mama yake, aliyekuwa bado hajaondoka, akalifasiri: mtoto anasema majani hayaoshwi.

"Kwetu," bibi akasema, bila kuinua macho, "jani lolote linaloingia jikoni huoshwa."

Mtoto alilifikiria jambo hilo, kisha akaingia kuyakagua. Mengi hayakuwa yake, na alisema hivyo kwa kila moja; machache yalikuwa yake, na hayo aliyatenga. Lile jekundu lililokaribia weusi halikupatikana. Bibi alimwambia kwamba amelitafuta na hakuliona, na kwamba ni yeye mwenyewe, bibi, aliyelitupa. Hakuongeza kisingizio. Mtoto akatikisa kichwa kukubali, kama hakimu. Kisha alitaka kuyabandika, na nyumbani hamkuwa na gundi. Marehemu alichemsha maji, akakoroga unga wa muhogo ukawa uji mzito, kwa maana kambini walibandika kwa uji kama huo karatasi kuukuu kwenye kuta za udongo ili nyumba ing'ae. Walibandika majani juu ya kipande cha boksi kutoka ghalani, kijani hadi nyekundu, na mahali pa jani lililopotea mtoto akaamuru paachwe wazi. Unga uliobaki ukawa ugali. Mboga ikapikwa kwa karanga za kusaga, mtoto akiondoa nyuzi za majani ya maboga kwa vidole vyake vidogo na kuuliza kwa ishara kwa nini haya yanaliwa na yale yanabandikwa. Bibi akamjibu kwamba haya yanatiwa chumvi. Kwa mboga ninayoikumbuka mimi, jibu hilo halikuwa na ukweli mwingi. Lakini mtoto alikula, na Jumatatu hakupelekwa kituoni.

Tangu siku hiyo palikuwa na sheria katika uwanja ule. Majani yalipoanza kupukutika, marehemu alitoka na fagio lake kama kawaida, lakini hakufagia. Alisimama na kungoja mtoto aletwe, na mtoto alipoletwa alimwambia, "Chagua kwanza, halafu nifagie." Mtoto alichagua. Alichukua muda mrefu sana. Nilipita pale mara nyingi nikielekea kituo cha basi na kuwaona, bibi ameegemea fagio na mtoto ameinama, na uwanja umejaa majani kweupe, watu wote wakiona. Nilimwambia kwamba watasema nyumba yake ina mgonjwa. Alinijibu, "Waache waseme. Kazi ikiisha watapaona pamefagiwa." Mzee wa stroberi alianza kuweka kando majani mazuri ya upande wake na kuyapitisha juu ya kamba. Kila mwaka, siku ya kuchuma majani ya maboga ya mwisho, boksi jipya lilibandikwa ukutani jikoni, na kila mara paliachwa nafasi moja wazi.

Nimefikiri juu ya mambo haya kuliko nilivyotarajia. Sisi wazee tulioletwa huku tumekuja na sheria zetu zote mkononi, kama yule mama na fagio lake, na nyingi ni sheria nzuri. Sitaki msomaji yeyote aondoke hapa akidhani kwamba nimeruhusu uchafu. Uwanja lazima ufagiwe. Lakini tulipojifunza kufagia, kila mtu katika uwanja alijua lipi ni taka na lipi si taka, kwa hiyo hatukulazimika kuuliza. Huku hatujui tena. Watoto wetu wanaokota vitu ambavyo sisi hatuvioni, wanavipanga mlangoni petu kwa mpangilio ambao hatukufundishwa, na sisi tunaamka mapema kuliko wao. Wengi wetu wamesuswa na hawajui walifagia nini. Yule alijua, kwa sababu alirudi akatazama ndani ya pipa.

Siku ya mazishi tulifika kwake alfajiri, wanawake wa kanisani, kila mmoja na fagio lake, kwa kuwa waombolezaji walikuwa waje na viti vingepangwa nje. Uwanja ulikuwa umefunikwa kabisa. Marehemu alikuwa ameugua kifua tangu majani yalipoanza kuanguka, na hakuna aliyeyagusa; nyumba ilionekana kama ilivyokuwa, nyumba yenye mgonjwa. Tulikuwa tumeinama tayari wakati mlango ulipofunguliwa na mtoto akatoka. Siku hizi yuko shule ya msingi. Alikuwa amevaa sare kwa sababu ndiyo nguo nyeusi zaidi aliyokuwa nayo. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kiswahili mbele ya watu.

"Ngojeni," alisema. "Nachagua kwanza."

Tuliinuka, tukangoja. Alianzia karibu na lango akaja kuelekea ngazini, akitazama, akiinua moja na kuyaacha mengine, na basi la kwanza likapita, na la pili, na watu waliokuwa ndani wakatuona tumesimama na mafagio katika uwanja mchafu, na hakuna aliyemharakisha. Aliondoka na moja tu, jekundu lililokaribia weusi. Ndipo tukafagia.

Funzo ninalolipata ni dogo, na nitalisema jinsi lilivyo: kabla hujafagia, muulize aliye mdogo kuliko wote katika nyumba kama kuna chake. Mimi nimeanza. Kila asubuhi, kabla sijagusa ngazi yangu, humwita huyu anayeniandikia, ambaye ni mtu mzima sasa na hajawahi kuokota jani mbele ya macho yangu, nikamuuliza. Hunijibu kwamba hakuna. Nitaendelea kumuuliza.