Jirani Aliyejua Bangkok

Jirani yetu wa Mount Druitt alitembea Bangkok siku moja tu, alipokuwa akingoja ndege ya kumleta Sydney, na hadi leo anausimulia mji ule kama mzaliwa wa huko. Husimulia kwa mikono. Viganja vikipanda na kukutana juu ya kichwa, hilo ni hekalu. Vikilala na kuyumbayumba, huo ni mto na mashua zake. Ukimkatiza, anaanza upya kutoka uwanja wa ndege.

Jumamosi alitualika, mimi na binti yangu Abigail, kwenye mkahawa wa Wathai kule Fairfield. "Leo naagiza mimi, kwa lugha yao," alisema, akiweka sawa leso yake begani. Mhudumu alipofika, jirani aliinama, akatamka sentensi ndefu ya Kithai bila kigugumizi. Mhudumu alimsikiliza kwa adabu, kisha akaonyesha kwa kidole. "Choo kiko nyuma, mama. Mlango wa kushoto."

Abigail alijificha nyuma ya menyu. Jirani hakubadilika uso. Alimshukuru kwa kuinama tena, akaenda zake chooni, akakaa huko kama mtu aliyebanwa kweli. Aliporudi alivuta kiti, akaniambia taratibu, "Kisafi hasa. Kama vya kwao Bangkok."