Ndege Wasio na Vichwa

Mama yangu hapigi simu kusalimia. Akipiga, ujue kuna kitu kimelala.

"Imelala tena," husema, na hapo anazungumzia kompyuta.

Basi mimi, niliyeko mji mwingine kabisa, katika chumba cha kompyuta kubwa za ofisi yetu, nimejikunyata kwa baridi ya kiyoyozi, naishusha simu sikioni na kubonyeza. Huko kwa mama, swichi ya mtandao niliyomchomekea ukutani inakata umeme. Nasubiri kidogo, nabonyeza tena, umeme unarudi, kompyuta inaamka. Mama anasema, "Haya, imefufuka," kisha anakata simu. Hata hujambo hakuna!

Mama ni mshonaji. Alitulea mimi na kaka yangu kwa cherehani ya kukanyaga, na macho yalipoanza kumchoka akanunua mashine ya kudarizi, ile inayoongozwa na kompyuta, akajifunza mwenyewe kuchora nembo za sweta za shule kwenye skrini. Wenzake wa rika lile wanaogopa hata rimoti ya televisheni. Yeye kompyuta anaigombeza kama mtoto wa kumzaa. Chumba chake cha kushonea kimebanwa kati ya kinyozi na duka la vitasa, na ukiingia unatoka na nyuzi kwenye nywele.

Safari hii nembo ilikuwa ya ndege aliyetandaza mabawa. Mashine huanza na mkia, humalizia na kichwa. Kompyuta ikiganda katikati, ndege anabaki bila kichwa, na sweta ndiyo imeharibika hivyo. Mama alikuwa na kikapu kizima cha ndege wasio na vichwa, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Kaka yangu ni mtu mwema, ila ana haraka ya kuwapangia wenzake maisha. Alishaandaa chumba nyumbani kwake, na pazia akaweka. Tukiwa wote watatu kwenye simu akasema, "Mama, oda hii ikikwama, basi. Tunauza mashine, unakuja kwangu upumzike." Mama akakubali shingo upande. Kaka alipokata, mama akabaki na mimi.

"Nikapumzike nifanye nini? Nitazame ukuta?" Halafu akasema, "Usiache wanifungie mlango huu, mwanangu."

Mama hajawahi kuniomba kitu maishani. Nikamwambia aniachie mimi.

Nikalivalia njuga jambo lile. Nikaingia kwenye kompyuta yake kwa mtandao, nikasaka virusi, sikuona hata kimoja. Nikaiondoa programu ya kudarizi, nikaiweka upya. Ikalala. Nikamtuma fundi wa mtaani kwao, tunayemwita Bisibisi, akabadilishe memori. Muda wote aliokaa pale kompyuta ilitulia kama mtoto aliyeona mgeni. Ndege wakatoka na vichwa vyao, na midomo, na macho.

"Dada, hii haina ugonjwa," Bisibisi akanipigia. "Tena ni safi! Sijawahi kufungua kompyuta isiyo na chembe ya vumbi namna hii. Ya kwangu mwenyewe inatia aibu."

Akafunga begi lake, akaondoka. Hajafika hata kwake, simu ya mama ikaita. Imelala.

Nikamrudisha Bisibisi, ikapona. Akaondoka, ikalala. Jamani! Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilipiga teke pipa la taka la ofisini mpaka bosi akageuka kutazama. Kinyozi akamshauri mama kompyuta iombewe. Kaka naye akaanza kuuliza mama ana mabegi mangapi ya nguo, maana anataka kujua aje na gari lipi. Nikamwambia aje na baiskeli.

Ijumaa nikaweka kwenye kompyuta ya mama programu ndogo ya kupima joto la ndani, nikamwomba Bisibisi apite tena, nami nikakaa nikitazama. Joto linapanda, linapanda. Bisibisi anaingia, linashuka. Bisibisi anatoka, linaanza kupanda upya. Sasa huyu fundi ana nini, anatembea na upepo? Nikampigia mama.

"Mama, feni ya kompyuta inazunguka?"

"Inazunguka. Naisikia inavuma, maskini."

"Fundi akija, unafanya nini kwanza?"

"Namkaribisha. Namfutia kiti."

"Halafu?"

"Halafu naivua nguo."

"Unavua nini?"

"Kompyuta! Naivua nguo yake. Ataifunguaje ikiwa imevaa?"

Nikakaa chini. Mama akanieleza kwa fahari: koti la kitambaa kizito cha pazia, ndani lina sponji, mbele amedarizi ua, nyuma lina kamba za kufungia. Mgeni akija analivua, analikunja, analiweka kabatini. Mgeni akitoka anaivisha.

"Nyuzi zinapeperuka humu," akasema. "Cherehani naifunika tangu ujana wangu, haijanisumbua hata siku moja. Sasa kompyuta, kitu cha thamani, niiache uchi?"

"Lakini cherehani unaifunua ukishona!"

"Ile naishika. Hili sanduku nani analishika? Linakaa tu chini ya meza."

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Halafu nikapaza sauti, "Mama, unaichemsha! Inapumua kwa hayo matundu uliyoyafunika!"

Nikamsikia akiburuta kiti na kukaa.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa naiua," akasema kwa sauti ndogo, na kicheko kikaniisha papo hapo.

"Hujaiua. Ivue uone, mama yangu. Vumbi Bisibisi atakuwa anakuja kulipuliza."

Nikamsikia akifungua kamba. Kisha akauliza, "Ndiyo maana huko kwenu kuna baridi vile? Kwa ajili ya kompyuta?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani mabosi wenu ndio wanaipenda. Kompyuta wanaijali hivyo. Na wewe je?"

Nilisema nimezoea.

Tangu saa ile joto likakaa chini na mashine ikadarizi bila kusimama. Nilikuwa naitazama simu yangu kila mara, roho juu, nayo haikuita. Jumapili kaka akafika na gari kubwa, tayari kuhamisha mtu. Mama hakuinua hata kichwa.

"Umekuja wakati mzuri," akamwambia. "Beba hizo sweta upeleke shuleni."

Kaka, na shati lake lililopigwa pasi, akabeba. "Amenigeuza tarishi," akanilalamikia baadaye, lakini alikuwa anacheka. Kile chumba alichoandaa siku hizi wanaanikia nguo mvua ikinyesha.

Mimi nilifurahi, sikatai, ila simu ilikuwa kimya mno. Kompyuta ni nzima, mama hana sababu ya kupiga, na swichi yangu haina kazi. Nilikuwa naikumbuka ile "imelala" kuliko nilivyotaka kukiri.

Kisha kikaja kifurushi ofisini. Nikakifungua pale pale. Kizibao cha kitambaa kizito cha pazia, ndani sponji, kifuani ua. Nikakivaa. Mabega yalikaa sawasawa, na mama hajanipima tangu nilipotoka nyumbani. Nililia mbele ya kompyuta zote.

Simu ikaita. Nikaidaka.

"Mama, imelala?"

"Nani? Haijalala hata mara moja. Nimepiga kuuliza, umekivaa?"

"Nimekivaa."

"Haya. Wewe usikivue, hata mgeni akija."