Maji ya Kifua cha Milcah

Milcah alikuwa mfupi. Si mfupi wa kusemwa tu, mfupi wa kweli. Akienda dukani pale Mutuini, mwenye duka aliona kwanza mkono ukipanda juu ya kaunta.

"Ni wewe, Mama Phoebe, ama ni mtoto ametumwa?"

"Ni mimi. Nimejituma."

Hakukasirika. Alisema ufupi ni akiba, hujui utauhitaji lini.

Alitoka Maragoli akimfuata mumewe, Were, aliyeajiriwa na Mzee Muigai kuangalia bwawa. Kazi ya Were ilikuwa kufungua koki asubuhi, maji yaende kwenye sukuma na spinachi za Muigai, kisha kuifunga jioni. Pamoja na kazi alipewa nyumba ya mabati, chini kabisa ya ukuta wa bwawa. Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo. Ukisimama mlangoni kwa Milcah, maji yote ya Muigai yalikuwa juu ya kichwa chako.

Muigai alilipenda bwawa hilo kuliko gari lake. Alilichimba kwa trakta ya kukodi, bila kuuliza mtu. Akapanda mikaratusi juu ya ukuta. Ilipokomaa akaikata akauza nguzo, visiki vikabaki vinaoza. Pembeni kulikuwa na mfereji wa kupitishia maji yakizidi. Akauziba kwa magunia ya mchanga, bwawa lijae zaidi. Kiangazi mboga zina bei, na Muigai hakutaka tone lipotee.

Mwaka wa 2003, mwezi wa pili, jua likiwa kali, Milcah aliona kwamba nyuma ya nyumba yake hapakauki. Pale alipoanika nguo palikuwa tope. Mvua hakuna, tope lipo. Akamwonyesha Were. Were akaenda kumwambia Muigai kwamba ukuta unatoka jasho.

"Hata wewe unatoka jasho," Muigai akasema, "na hujabomoka."

Were akarudi kwenye koki yake. Nyumba ilikuwa ya kazi. Ukiacha kazi, umeacha nyumba. Na hata wao wakihama, karibu nao kulikuwa na vyumba vya wapangaji, vimejaa watoto.

Siku moja akaja Janice, afisa wa maji kutoka mjini, msichana wa gambuti na fimbo ya chuma. Akaidunga fimbo pale kwenye tope. Ikaingia kama kijiko kwenye uji. Akamwambia Muigai atoe magunia, apunguze maji polepole, ang'oe visiki.

"Madam, hiyo mizizi ndiyo misumari inashika ukuta."

"Ilikuwa misumari, mzee. Imeoza. Sasa ni mashimo."

Muigai akaitikia kila neno, akamsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Aliporudi, akaongeza safu nyingine ya magunia.

Milcah akajifunga kitambaa chake kizuri akaenda mjini, ofisini kwa Janice. Lifti ya ofisi ilikuwa imekufa, akapanda ngazi, kila ngazi ikimfika gotini.

"Nitampeleka kortini, mama," Janice akasema. "Lakini kesi itasikizwa mwezi wa tano."

"Mvua ni ya mwezi wa tatu."

"Najua. Na siwezi kuingia kwa shamba la mtu nimfungulie koki. Kwani hakuna mtu huyu mzee anamsikiliza?"

Milcah alikuwa katikati ya ngazi, akishuka, alipoanza kucheka peke yake. Askari wa mlangoni akamwuliza kama yuko sawa.

Mtu wa kusikilizwa alikuwako. Alikuwa Shosho Annah, nyanya wa mtaa mzima, mamake Muigai. Muigai alikuwa na mvi, lakini mamake akikohoa, alisimama. Shida ni kwamba Shosho aliliona bwawa kama baraka. Ukimwambia bwawa ni bovu, umemwambia kijana wake ni mjinga. Ungefukuzwa na chai yako haijapoa.

Lakini Shosho alikuwa na haja moja kwa Milcah. Wote wawili walikuwa wa kanisa moja, kanisa la maji mengi, ambako mtu hubatizwa kwa kuzamishwa mwili mzima. Miaka yote Shosho alimwomba Milcah abatizwe. Miaka yote Milcah aliumwa na mgongo siku ya ubatizo. Aliogopa maji. Tena kulikuwa na ugoro. Kanisa halikutaka ugoro, na Milcah na ugoro walikuwa wametoka mbali.

Akaenda kwa Shosho, akakaa kwenye kigoda, akatazama chini.

"Shosho, nimeamua."

"Umeamua nini?"

"Kuzamishwa."

Shosho alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Tatizo ni mahali," Milcah akasema. "Mto umejaa taka. Nitatoka na dhambi nyingine. Maji safi hapa kwetu ni ya mwanao tu."

Muigai alipoambiwa, alifurahi. Kanisa lote likisimama kandokando ya bwawa lake likiimba! Akaenda kumwita Pasta Zedekiah mwenyewe.

Sasa, kingo za bwawa hilo zote zilikuwa tope la kumeza ng'ombe. Pa kusimama imara palikuwa mahali pamoja tu, kwenye jukwaa la mawe chini ya maji, pale pampu ilipovutia maji, kando ya ukuta. Pasta, mtu mrefu kama mlingoti, akatumbukiza mti mrefu hapo. Mti ukaenda. Akautoa, akausimamisha kando yake. Alama ya maji ilipita kichwa chake.

"Hapa hata mimi nitazama," akasema. "Maji yafike kifuani."

"Kifua cha nani?" Muigai akauliza.

Watu wakamtazama Pasta. Halafu, mmoja mmoja, wakamtazama Milcah.

"Cha anayebatizwa," Milcah akasema kwa sauti ya unyenyekevu.

Muigai akayatazama maji yake. "Si abebwe? Huyu ni mwepesi. Pasta ambebe hivi..."

"Umeona wapi mtu mzima akibatizwa amebebwa kama mtoto?" Shosho akamkata. "Sisi sio wale wa kunyunyizia. Fungua maji."

"Maitu, mama yangu, mboga zangu! Kiangazi hiki chote..."

"Mboga ndizo zitaenda mbinguni?"

Were akafungua koki. Siku hiyo alipiga mluzi.

Maji yakatoka polepole, usiku na mchana. Mashamba yote ya chini yakanywa. Sukuma za majirani, zilizokuwa zimekata tamaa, zikasimama. Kila asubuhi Muigai alimkuta Milcah juu ya ukuta na kijiti alichokikata sawa na kifua chake.

"Bado tu, Mama Phoebe?"

"Bado, mzee. Mungu aliniumba karibu na ardhi."

"Huwezi kuvaa viatu vya kisigino?"

"Nibatizwe na viatu? Hebu tumwulize Shosho."

"Wacha. Wacha Shosho apumzike."

Na maji yakashuka, mpaka siku moja Were akaita. Ndani ya ukuta, chini kidogo ya visiki, kulikuwa na shimo lililokuwa limefichwa na maji. Mbwa angeingia. Were akatia mkono, akavuta mzizi uliooza, ukatoka mzima kama soksi. Muigai akaja. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani, akaingiza mkono hadi begani. Hakufika mwisho. Shimo lilielekea ng'ambo, kule kwa kamba ya nguo za Milcah.

Akautoa mkono, akaupangusa kwenye suruali. Halafu akatoa simu.

"Madam Janice? Ni Muigai wa Mutuini. Kuja uone. Hapana, leo."

Janice akaja, hakumcheka. Magunia yakatolewa, mfereji ukafunguliwa. Visiki vikang'olewa na udongo mpya ukashindiliwa, tabaka juu ya tabaka, Janice akiwa amesimama hapo kwa gambuti zake. Akaweka alama kwenye jiwe, akasema maji yasipite hapo. Muigai akasema, "Ndiyo, madam," na safari hii hakuongeza kitu alipogeuka.

Milcah akaona mambo yamekwisha. Akamwambia Shosho kwamba mafundi wamechafua maji, na mgongo nao unaanza.

"Maji ni ya kifua chako," Shosho akasema. "Mwanangu ameyapunguza kwa ajili yako. Jumapili utaingia, ukipenda usipende."

Jumapili akaingia. Kanisa likaimba. Pasta akamshika, akamzamisha. Aliyeibuka kwanza hakuwa Milcah. Lilikuwa kopo la ugoro, limetoka kwenye kitambaa cha kichwa, likaelea mbele ya watu wote. Wimbo ukakatika. Milcah akatoka nyuma yake, macho yamemtoka.

"Liacheni," Shosho akasema. "Hilo ni utu wake wa kale. Limekufa. Imbeni!"

Watu waliimba huku wakicheka hadi Pasta mwenyewe akakaribia kuteleza. Milcah hakuvuta tena ugoro, ila kwa wiki nyingi alikuwa mkali kama pilipili, na Were alikula chakula chake nje.

Mvua ya mwaka huo ilikuja na hasira. Bwawa likapanda, likafika kwenye jiwe la Janice, likageuka likapitia mfereji. Lilikwenda likipiga kelele kando ya nyumba, na halikuingia. Muigai alishuka na mwavuli, akasimama mlangoni.

"Mama Phoebe, niambie ukweli. Ulikuwa unataka kubatizwa, ama ulinichezea?"

"Nilisema nataka kubatizwa, mzee. Nikabatizwa. Uongo uko wapi?"

Muigai akaguna. Akaingia ndani, akapewa chai, wakasikiliza maji yakipita.

Milcah alikufa mwaka wa 2009, mwezi wa mvua, kitandani mwake, kwenye nyumba hiyohiyo. Sakafu ilikuwa kavu. Asubuhi yake Were alichelewa kufungua koki, na Muigai akaenda akaifungua mwenyewe.